Bawabu wa Nyumba ya Hekima



Myahudi anayeshika dini husali mara tatu kwa siku. Siku za kazi, yaani zile zisizo Sabato wala sikukuu, sala yake kuu huwa na maombi yanayofuatana kwa mpango usiobadilika. Ataomba msamaha, ataomba ukombozi, ataomba afya, ataomba mwaka wenye mvua na mazao. Kabla ya yote hayo, ombi la kwanza ni akili: Mungu amjalie maarifa na ufahamu. Mgonjwa anayesali sala hiyo huomba akili kabla ya kuomba apone. Mwenye madeni huomba akili kabla ya kuomba riziki. Na sala hii haikutungiwa wanazuoni peke yao. Mshona nguo huisali, mchuuzi huisali, rabi huisali, kwa maneno yale yale.

Kuisifu hekima ni rahisi, na sijaja kuisifu. Nimekuja na swali: nani anaruhusiwa kuitamani? Ni mwenye nafasi na nasaba peke yake, au hata yule anayerudi nyumbani jioni nguo zimemganda kwa jasho? Wayahudi wamelibishania swali hili kwa zaidi ya miaka 2000, na katika ubishi huo kuna mtu mmoja asiye na jina ambaye nimekuwa nikimfuatilia kitabu baada ya kitabu. Ni bawabu, yule anayekaa mlangoni.

Anaonekana mapema. Katika kitabu cha Mwanzo, Hawa hakuvutwa na utamu wa tunda tu. Alivutwa na tumaini la kuwa na akili kuliko aliyokuwa nayo. Matokeo yake tunayajua: yeye na mumewe wakatolewa bustanini, na njia ya kurudi ikawekewa makerubi na upanga wa moto. Kwa hiyo tamaa ya kujua imeingia katika Torati kwenye sura ya tatu, na mlinzi wa lango ameingia katika sura hiyo hiyo.

Ukifika kwenye Mithali mambo yamegeuka. Huko Hekima ni mwanamke, naye hakai ndani kungoja wageni. Ametoka nje, yuko njia panda, yuko langoni pa mji ambako watu huuza na kununua na wazee hukata kesi, anapaza sauti kuwaita wajinga waje kwake. Amejenga nyumba ya nguzo saba na kuandaa chakula, na hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza mgeni ni mtoto wa nani. Sulemani naye, alipotokewa katika ndoto kule Gibeoni na kuulizwa anataka nini, aliomba moyo wa kusikiliza ili aweze kuamua mashauri ya watu. Tazameni kesi ya kwanza inayosimuliwa baada ya hapo: makahaba wawili wanaogombea mtoto mmoja. Wanawake wa hali hiyo, katika nyakati nyingi, wasingefika hata kwenye ngazi za ikulu. Hawa wamefika mbele ya mfalme na kuongea hadi wakamaliza, na hekima aliyopewa Sulemani imeanza kazi kwao.

Karne zikapita. Mnamo mwaka 180 KK, mwalimu mmoja wa Yerusalemu aliyeitwa Yoshua bin Sira aliandika kitabu ambacho Wakatoliki na Waorthodoksi wanacho katika Biblia zao. Bin Sira aliipenda hekima kwa moyo wote. Anaizungumzia kama mtu aliyeitafuta tangu ujana na kuipigia magoti. Lakini katika sura ya 38 anawapanga watu wa kazi mmoja mmoja: mkulima anayewaza mifereji ya shamba na malisho ya ng'ombe, mchonga mihuri anayekesha amalize nakshi, mhunzi ambaye joto la tanuru linambabua, mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa miguu yake. Anawaeleza kwa heshima. Anakiri kwamba bila wao hakuna mji unaokalika. Kisha anasema hekima si yao. Hekima ya mwandishi, kwake yeye, hutokana na kuwa na nafasi, na aliye na shughuli chache ndiye atakayeipata.

Nimeisoma sura hiyo mara nyingi, na kila mara nalazimika kukubali kwamba hoja yake ina uzito. Mtu aliyechoka hasomi vizuri. Mtu mwenye njaa huwaza chakula. Atakayesema Bin Sira alikuwa na kiburi tu, huyo hajawahi kufungua kitabu saa nne usiku baada ya siku nzima ya kubeba mizigo. Hata hivyo naamini alikosea, na waliomkosoa kwa nguvu zaidi ni watu wa taifa lake waliokuja baada yake.

Kabla sijawafikia, niseme neno juu ya safari ya kitabu chenyewe. Maandishi ya Kiebrania ya Bin Sira yalipotea kwa karne nyingi, ikabaki tafsiri ya Kigiriki aliyoifanya mjukuu wake huko Misri na nyinginezo. Mwaka 1896 dada wawili mapacha wa Uskoti, Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson, walirudi Cambridge kutoka Mashariki na mabaki ya karatasi kuukuu, na Solomon Schechter, msomi wa Kiyahudi aliyekuwa akifundisha hapo, akatambua katika ukurasa mmoja Kiebrania cha Bin Sira. Dada hao walikuwa wakisoma Kiaramu, Kiarabu na Kiebrania, lakini chuo kikuu cha mji waliokaa hakikuwapa wanawake digrii kamili hadi mwaka 1948. Mwalimu aliyewafungia mafundi mlango wa hekima, akiwa pia na maneno makali juu ya wanawake, amerudishwa kwetu na wanawake wawili waliofungiwa mlango.

Turudi Yerusalemu, karne ya kwanza KK. Talmudi ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi uliokamilika karibu karne ya 6 au ya 7, inasimulia juu ya Hillel. Alikuwa amehamia kutoka Babeli, hana mbele wala nyuma, anafanya kibarua. Ujira wake wa siku ulikuwa mdogo, na aliugawa nusu kwa nusu: nusu chakula cha nyumbani, nusu kwa bawabu wa nyumba ya masomo ili aruhusiwe kuingia. Siku moja hakupata kazi. Bawabu akamzuia. Hillel akapanda juu ya dari, akalala kifudifudi kwenye tundu la mwanga, apate kusikia mafundisho ya walimu wawili wakubwa wa wakati ule, Shemaya na Avtalyon. Ilikuwa jioni ya kuamkia Sabato, katikati ya majira ya baridi, na theluji ikaanza kuanguka.

Asubuhi Shemaya akamwambia mwenzake kwamba siku zote nyumba hii huwa na mwanga, mbona leo ina giza, au ni mawingu? Wakainua macho, wakaona umbo la mtu tunduni. Walipopanda walimkuta amefunikwa na theluji ya kimo cha dhiraa tatu. Wakamtoa, wakamwosha, wakampaka mafuta, wakamkalisha karibu na moto, ingawa ilikuwa Sabato na kazi hizo zimekatazwa siku hiyo. Walisema mtu huyu anastahili Sabato ivunjwe kwa ajili yake.

Talmudi inaitumia hadithi hii kumhukumu maskini: siku ya hesabu, atakayejitetea kwamba umaskini ulimzuia kusoma ataulizwa kama alikuwa maskini kuliko Hillel. Mimi naona hadithi inamshitaki mwingine. Shemaya na Avtalyon walikuwa ndani, kwenye joto, wakifundisha Torati, na hawakujua kwamba mlangoni mwao kuna mtu anayetoza pesa na kuwarudisha wasio nazo. Ilibidi mtu akaribie kufa ndipo waone giza. Ninyi mnaosimamia shule na vyuo, hadithi hii someni kama barua iliyoandikwa kwenu.

Mwaka 70 BK jeshi la Roma lilibomoa Hekalu. Makuhani wakabaki bila kazi, dhabihu zikakoma, na walionusurika wakakusanyika katika mji mdogo wa Yavne kuipanga upya dini yao kwenye masomo na sala. Mkuu wao baadaye alikuwa Gamliel, mtu wa ukoo wa Hillel huyo huyo, tajiri, mwenye elimu, mkali. Aliweka sharti kwamba mwanafunzi ambaye undani wake haulingani na sura yake ya nje asiingie katika nyumba ya masomo. Kwa maneno linasikika vizuri: nani hataki wanafunzi wanyofu? Lakini undani wa mtu nani aupime? Kazi hiyo ikaangukia kwa bawabu.

Siku moja Gamliel alimwaibisha Rabi Yehoshua hadharani kwa sababu ya tofauti juu ya sala ya jioni, akamwacha amesimama mbele ya watu huku yeye akiendelea kufundisha. Hadhira ilichoka. Walimnyamazisha msemaji aliyekuwa akipaza maneno yake, wakamwondoa Gamliel madarakani, wakamweka kijana Eleazar ben Azariah. Na siku hiyo hiyo, yasema Talmudi, bawabu aliondolewa, ikatolewa ruhusa kila mtu aingie. Mabenchi yaliongezwa, na waliosimulia wanatofautiana: mmoja anasema 400, mwingine 700. Inasemwa pia kwamba hapakuwa na swali lililokuwa limekwama katika nyumba ile ambalo halikupata jibu siku ile. Hilo la mwisho ndilo linalonigusa zaidi. Watu waliokuwa wamezuiwa nje ndio waliokuwa na majibu yaliyokosekana ndani.

Gamliel alikuwa mtu mzima kwelikweli, hakuinuka akaondoka. Alibaki akaendelea kusoma kama mwanafunzi wa kawaida, kisha akaenda nyumbani kwa Rabi Yehoshua kuomba radhi. Alipofika aliona kuta zimekuwa nyeusi. Akasema kuta zinaonyesha kwamba mwenye nyumba anaishi kwa kazi ya mkaa. Yehoshua alimjibu kwa uchungu: ole wa kizazi chenye kiongozi kama wewe, usiyejua wanazuoni wanavyohangaika kupata riziki. Hebu fikirini. Wamekaa chumba kimoja miaka, wamebishana juu ya sheria nzito nzito, na mkuu hakuwahi kujua mwenzake anakula nini. Na huyu mwenye masizi ukutani ni mmoja wa vichwa vikubwa kabisa vya kizazi chake. Kama Bin Sira angelikuwa hai, ningemchukua kwa mkono nimpeleke akazione kuta zile.

Rabi Yehoshua hakuwa peke yake. Yohanan alikuwa mshona viatu hata akaitwa kwa jina la kazi yake. Isaac alikuwa mhunzi. Katika Babeli, Rav Papa alitengeneza bia ya tende. Marabi waliagiza pia kwamba baba ana wajibu wa kumfundisha mwanawe Torati, na ana wajibu wa kumfundisha kazi ya mikono. Mambo mawili ambayo Bin Sira aliyatenga wao waliyaweka katika orodha moja. Na kuhani mkuu Yehoshua ben Gamla, aliyeishi miaka ya mwisho ya Hekalu, anakumbukwa kwa kuamuru kila mji uwe na walimu wa watoto wa miaka 6 au 7. Kabla ya hapo mwenye baba alifundishwa na baba, na yatima alibaki hivi hivi. Mwalimu mmoja alipangiwa watoto 25, na wakifika 40 apewe msaidizi. Walimu waliomo humu naona wanatazamana.

Aliyeifikisha tamaa hii kileleni ni Rabi Akiva. Alichunga mifugo, na hadi umri wa miaka 40 hakujua herufi. Siku moja alikaa kwenye ukingo wa kisima akaona jiwe limechimbika. Akauliza nani amelichimba, akaambiwa ni maji yanayolidondokea kila siku. Akajiambia kama kitu laini kimetoboa kigumu, basi maneno ya Torati yataupenya moyo wake. Akaenda na mwanawe kwa mwalimu wa watoto. Ubao mmoja, Akiva akashika upande huu, mtoto upande ule, wakaanza alfabeti pamoja. Kila siku alikusanya mzigo wa kuni: nusu aliuza, nusu akabaki nayo. Majirani wakamlalamikia kwamba anawaua kwa moshi, awauzie kuni zote anunue mafuta ya kuwashia taa. Akakataa, kwa kuwa kuni zile zilimpa mambo matatu: mwanga wa kusomea, moto wa kuota, na mahali pa kulalia.

Hadithi hii hupendwa sana kwenye mahafali. Lakini Akiva alikuwa na mke. Raheli alikuwa binti wa tajiri Kalba Savua, naye ndiye aliyemwona mchungaji wa baba yake kuwa mtu wa adabu, akakubali kuolewa naye kwa sharti la kwenda kusoma. Baba akamnyima mali. Akiva akaenda miaka 12, na aliporudi akamsikia mkewe akimwambia mzee mmoja kwamba kama mumewe angemsikiliza yeye, angekaa mingine 12. Akageuka bila kuingia ndani. Mwisho wa miaka 24 alirudi na wanafunzi maelfu, na Raheli alipojisogeza kumlaki, wanafunzi wakamsukuma. Waligeuka mabawabu wa mwalimu wao! Akiva akawakemea: elimu yangu na yenu ni mali yake.

Nampenda Akiva kwa kauli hiyo, lakini haifuti miaka 24. Talmudi yenyewe inalijua hilo, maana katika ukurasa ule ule imeweka hadithi nyingine. Rav Rehumi alikuwa akisoma mjini Mahoza, akirudi nyumbani mara moja kwa mwaka, mkesha wa Siku ya Upatanisho. Mwaka mmoja somo lilimnogea akapitiliza. Mkewe alikuwa akimtazamia: anakuja sasa, anakuja sasa. Alipoona hakuja alihuzunika, chozi likamdondoka. Wakati huo Rehumi alikuwa amekaa juu ya dari. Dari ikaporomoka chini yake, akafa. Waliopanga ukurasa huo walitaka tusome yote mawili. Kiu ya hekima ina gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayesifiwa.

Pembeni mwao yupo Ben Azzai, mwanafunzi na mwenzake Akiva. Alihubiri vizuri sana juu ya wajibu wa kuoa na kuzaa, huku yeye mwenyewe hana mke. Walipomwambia kwamba anahubiri vizuri ila hatendi, alijibu kwamba afanyeje, nafsi yake imeipenda Torati. Dunia itaendelezwa na wengine. Hakujitetea kwa hoja. Alijieleza kama mtu aliyependa. Nitamrudia huyu baadaye, kwa jambo ambalo wengi hawalikumbuki juu yake.

Kiu hii pia haizimwi na mtu peke yake. Mjini Tiberia, karne ya tatu, Rabi Yohanan mwingine alikuwa na mwenzake wa kusoma, Resh Lakish, aliyekuwa jambazi kabla ya kugeukia masomo. Wakaja kugombana, ubishi juu ya sheria za mapanga na visu, Yohanan akatupa neno la kumkumbusha mwenzake ujambazi wake. Resh Lakish akaugua, akafa. Wenzao wakamtuma kijana mwerevu, Eleazar ben Pedat, akamfariji Yohanan. Kila Yohanan akisema jambo, Eleazar alimwambia yapo mapokeo yanayokuunga mkono. Yohanan akalia: je, wewe unafanana na Resh Lakish? Yeye nilipotoa hoja alinipa mapingamizi 24, nami nikampa majibu 24, na elimu ikapanuka. Wewe unaniambia niko sahihi, kwani sijui kwamba niko sahihi? Akazunguka akirarua nguo na kumwita rafiki yake hadi akapotewa na akili. Katika nyumba za masomo za Kiyahudi mpaka leo watu husoma wawili wawili, kwa sauti, kila mmoja akimpinga mwenzake. Ukiingia humo usitegemee utulivu wa maktaba. Ni kelele kama za sokoni.

Sasa twende Misri, maana hapo swali letu linakuwa gumu zaidi. Musa bin Maimun, anayeitwa pia Maimonides, alizaliwa Cordoba, akafukuzwa na misukosuko ya Uhispania, akakaa Fustat karibu na Kairo, akafia huko mwaka 1204. Aliandika vitabu vyake vingi kwa Kiarabu akitumia herufi za Kiebrania, kama vile mashairi ya Lamu na Pate yalivyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Katika kitabu chake kikubwa cha sheria aliandika kwamba kila Mwisraeli ana wajibu wa kusoma: tajiri na maskini, mzima na mgonjwa, hata anayeishi kwa kuombaomba, hata mwenye mke na watoto, atenge muda mchana na usiku, hadi siku ya kufa. Tena akawalaumu wanaosoma kwa kutegemea sadaka badala ya kufanya kazi. Huyo ni mrithi wa Yavne.

Yeye mwenyewe alilelewa kimasomo na mdogo wake Daudi, mfanyabiashara wa vito, hadi Daudi alipozama katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, akiwa safarini na mali yake na ya wengine, akaacha mjane na binti mdogo. Musa aliugua kwa huzuni karibu mwaka mzima. Baadaye akawa tabibu. Mwaka 1199 alimwandikia Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akikitafsiri kitabu chake huko Provence, akamweleza siku yake ilivyo: alfajiri anakwenda Kairo kwenye jumba la sultani, akirudi mchana na njaa yake anakuta ukumbi umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, anawaomba wamngojee ale kidogo, mlo wake pekee wa siku, kisha anawatibu hadi usiku, mwishoni akiwa amelala chali kwa uchovu. Anamwambia asitegemee kukaa naye hata saa moja kwa masomo. Mtu wa ratiba hiyo ndiye aliyekuwa ameandika kitabu chake kigumu kuliko vyote, Mwongozo wa Waliotatizika.

Lakini katika Mwongozo huo Musa bin Maimun anashika funguo. Anatoa mfano wa mfalme aliye katika jumba lake. Wako watu walio nje ya mji kabisa. Wako walio ndani ya mji lakini wamelipa jumba kisogo. Wako wanaolitafuta ila hawajaliona. Wako waliofika ukutani wanauzunguka wakitafuta mlango, na hao, anasema, ni wanasheria wanaoshika mapokeo bila kuchunguza misingi. Wachache mno ndio waliomo ndani. Marabi wengi walikasirika kuona kwamba maisha yao ya masomo yamewaacha ukutani. Mimi siwezi kumlaumu kwa kusema kwamba elimu ina ngazi na kwamba mwenye haraka huumia. Mwalimu yeyote anajua hilo. Ninachokataa ni wazo kwamba mlango wa jumba umewekwa kwa ajili ya wachache. Wajibu alioandika katika kitabu cha sheria haukuwa na ubaguzi huo, na nadhani mkono ulioandika sheria ulikuwa karibu zaidi na wagonjwa wa ukumbini.

Kilichofuata ni cha kusikitisha. Vitabu vyake vilipigiwa kelele Ufaransa na Uhispania, na mwaka 1305 marabi wa Barcelona, chini ya Solomon ibn Adret, walipiga marufuku kwa miaka 50 mtu yeyote wa chini ya umri wa miaka 25 kusoma falsafa ya Kigiriki, isipokuwa elimu ya tiba. Bawabu amerudi, sasa akiwa na karatasi yenye saini.

Watu wa kazi hata hivyo waliendelea kujisomea. Abraham Joshua Heschel, mzaliwa wa Warsaw aliyefundisha New York, aliandika juu ya kitabu kimoja kilichonusurika kutoka Ulaya ya Mashariki, chenye muhuri wa chama cha wakata kuni wa Berdychiv, mji wa Ukraine, waliojiunga ili wasome Mishna, mkusanyiko wa sheria ulio msingi wa Talmudi. Wakata kuni! Fikirini vidole vile, vyenye sugu na utomvu, vikifunua kurasa jioni, na chama chenye mali ya pamoja ambayo ni kitabu. Na karibu yetu, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyekuwa ameiteka mashariki ya Uganda kwa niaba ya Waingereza, aliisoma Biblia mwenyewe, akaamua kufuata vitabu vya Musa, na mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Jumuiya aliyoianzisha karibu na Mbale, Abayudaya, ingalipo. Hakualikwa na mtu.

Nimeacha mlango mmoja hadi mwisho. Katika Mishna, Rabi Eliezer anapinga vikali baba kumfundisha binti yake Torati. Anayesema baba ana wajibu wa kumfundisha ni Ben Azzai, yule yule asiyeoa kwa kuipenda Torati. Aliyeijua kiu hiyo mwilini mwake hakuona sababu ya kumnyima mwingine kinywaji. Lakini kwa karne nyingi desturi ilimfuata Eliezer. Beruria, mke wa Rabi Meir, anatajwa katika Talmudi kwamba alijifunza mapokeo 300 kwa siku moja kutoka kwa walimu 300, na kwamba alimpiga teke mwanafunzi aliyesoma kimyakimya, kwa kuwa elimu isiyoingia mwili mzima haikai. Anakumbukwa kwa sababu alikuwa karibu peke yake.

Mwaka 1917 mshona nguo wa Kraków, Sarah Schenirer, alifungua shule ya wasichana kwa jina la Bais Yaakov. Wavulana walikuwa na vyumba vyao vya masomo; wasichana walikuwa wakienda shule za serikali na kurudi nyumbani bila kujua kwa nini mama zao huwasha mishumaa ya Sabato. Alipata baraka za marabi wakubwa, na shule zikaenea Polandi na nje yake kabla ya vita na mauaji kuziangamiza nyingi. Hata hivyo Talmudi haikufundishwa humo.

Mwaka 1923, mjini Vienna, Rabi Meir Shapiro alipendekeza Wayahudi popote walipo wasome ukurasa mmoja ule ule wa Talmudi kila siku. Kurasa ni 2,711, na mzunguko huchukua karibu miaka saba na nusu. Mzunguko wa 13 ulipokamilika Januari 2020, uwanja wa mpira wa New Jersey ulijaa watu wapatao 90,000, wanaume wengi wao. Siku chache baadaye, tarehe 5, maelfu ya wanawake walikutana Yerusalemu kusherehekea wenzao waliomaliza Talmudi yote, na siku hiyo hiyo mzunguko mpya ukaanza, wa kumalizika mwaka 2027. Waliosoma wengine ni madaktari, wengine mama wa watoto wadogo waliokuwa wakisoma kabla nyumba haijaamka. Katika jumuiya nyingi za Waharedi, yaani Wayahudi wanaoshika dini kwa ukali zaidi, msichana bado hafundishwi Talmudi, na mabishano hayajaisha.

Mimi niko upande wa Ben Azzai, na sababu zangu mmezisikia. Mwenye hoja ya kumtetea Rabi Eliezer, au ya kumtetea Bin Sira, kipaza sauti kiko pale katikati ya ukumbi. Naomba aanze yeye.